Kamera Isimame Wapi?

Katika filamu ya Timbuktu, iliyoongozwa na Abderrahmane Sissako na kutoka mwaka 2014, mfugaji Kidane anakwenda mtoni kumkabili mvuvi Amadou, ambaye amemuua kwa mkuki ng'ombe wake aliyeingia kwenye nyavu. Kidane ana bastola. Wanabishana, wanashikana, wanaangukia majini, bastola inalia. Baada ya mlio huo, mwongozaji aliyelelewa na filamu za mapigano angetuletea jeraha, damu na macho ya anayekata roho. Sissako anarudi nyuma, mbali kabisa. Tunauona mto wote kwa upana wake, jua limeshuka, maji yanang'aa, na humo ndani binadamu wawili wadogo. Mmoja anayavuka maji kwa shida akienda zake. Mwingine, upande wa pili, anajaribu kuinuka, anaanguka. Picha haikatwi. Inakaa hivyo mpaka mtazamaji aanze kutafuta kwa macho yake mwenyewe nani angali hai.

Vitabu vya wanafunzi vinasema kazi ya shoti pana ni kuonyesha mahali. Lakini mahali pale tulishapajua. Shoti ile inafanya kazi nyingine: inatutoa kwenye ushabiki. Tangu filamu ianze tumekaa hemani kwa Kidane, tumemwona akipiga gita, tumemjua mkewe na binti yake. Kamera ingebaki begani kwake, tungemtetea. Kwa umbali ule, aliyeua na aliyeuawa wamo ndani ya fremu moja, kwa kimo kimoja, na mto haumpendelei yeyote. Hukumu ya filamu nzima iko katika hatua zile ambazo kamera imerudi nyuma.

Shoti hiyo hunirudia kila ninapowasikia vijana wanaoingia kwenye fani wakikariri majina ya shoti. Majina yenyewe hayajazi ukurasa. Shoti pana inamwonyesha mtu mzima pamoja na pale alipo. Shoti ya kati inamkata kiunoni, mikono ibaki ikionekana inavyofanya kazi. Klozapu inabakiza uso. Klozapu ya kupindukia inabakiza jicho, kidole, pete. Mpigapicha mzoefu hakati kwenye maungio, kwa maana mtu aliyekatwa magotini au shingoni anaonekana kama amelemazwa. Hukata pajani au kifuani. Anayetazama kulia huachiwa nafasi kulia. Wawili wakizungumza, kamera huchagua upande mmoja wa mstari usioonekana unaowaunganisha na kubaki upande huohuo. Ikivuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, na mazungumzo yatavunjika ingawa hakuna neno lililobadilika.

Hayo mtu mwepesi huyamaliza kwa wiki moja. Kinachochukua miaka ni kujua, mbele ya mtu huyu, siku hii, usimame umbali gani, na nani amekuruhusu kusimama hapo.

Sinema yenyewe ilianza kwa kukaa mbali. Filamu ambazo akina Lumière walizionyesha kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895 hazikufikia dakika moja kila moja, na mara nyingi kamera ilisimama pale ambapo mpita njia yeyote angesimama kutazama. Mwaka 1900, huko Hove kusini mwa Uingereza, George Albert Smith alitengeneza filamu fupi ya mvulana aliyeshika kioo cha kukuzia cha bibi yake. Mvulana anatazama saa, nasi tunaona mitambo ya saa imejaa ndani ya duara. Anatazama ndege tunduni. Kisha anamgeuzia bibi kile kioo, na jicho la bibi linajaa skrini, linapepesa huku na huku. Smith aliona hawezi kutusogeza karibu hivyo bila kutoa sababu. Kuna kioo, kuna mtoto anayekishika, kuna bibi aliyekaa akijua anatazamwa na mjukuu wake. Ukaribu ule uliingia nyumbani kwa hodi. Sinema ikakua, ikazoea kuingia bila hodi, na leo hatushtuki tena uso wa mtu usiyemjua ukisimama mbele yetu, mkubwa kuliko mlango.

Zamani watu walishtuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wako walioandika katika magazeti ya sinema ya Marekani wakilalamika kwamba waigizaji wanakatwa miguu na kugeuzwa majitu. Hakuna aliyetoa hitimisho kwamba Wamarekani wana upungufu wa akili katika kusoma picha. Hitimisho hilo walikuja kubandikwa watu wengine.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilianza jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, likijulikana kwa kifupi cha Kiingereza BEKE, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Mkuu wa kazi alikuwa Meja L. A. Notcutt, ambaye awali alisimamia mashamba ya mkonge na kuwazia sinema kama njia ya kuwatuliza vibarua. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametoa filamu fupi 35: kilimo cha chai, minyoo ya safura, faida ya kuweka akiba Posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na gari likazunguka nazo kijiji hadi kijiji. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo cha filamu cha makoloni yake, na William Sellers, aliyeanzia kwenye filamu za afya huko Nigeria, akakiwekea kanuni. Shoti ziwe ndefu, mwendo wa taratibu, hila za kamera zisiwepo, vitu vibaki katika ukubwa ambao mtazamaji ameuzoea. Mwafrika, walisema, hataelewa vinginevyo.

Ushahidi uliopendwa sana na maofisa hao ulikuwa kisa cha mbu. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akajaa kitambaa kizima cha skrini. Filamu ilipokwisha wakasema kwao hakuna shida hiyo, kwa sababu mbu wa kwao ni wadogo. Kisa kilisimuliwa mezani kwa kicheko, kikaishia kwenye ripoti.

Aliyekulia miongoni mwa watu wa vijijini atasikia humo kitu ambacho maofisa hawakukisikia: utani. Mgeni amekuja na gari na mashine yenye kelele kuwaeleza watu habari za mbu waliolala nao tangu kuzaliwa. Jibu la heshima ni kumkubalia, na jibu la heshima lenye ncha ni kumwambia wako ni mkubwa zaidi. Hata kama walisema kwa dhati, walikuwa wahakiki wazuri. Klozapu inafuta kipimo. Inaondoa kila kilicho jirani ambacho jicho hukitegemea kujua ukubwa na mahali, halafu inakutaka uamini. Anayeuliza mbu huyu ni wa kimo gani ameuliza swali ambalo kila mhariri wa filamu hujiuliza mezani: kabla sijamleta mtu karibu, je, nimemwonyesha yuko wapi?

Nadharia hiyo ya maofisa haikuhitaji mjadala mrefu ili ianguke. Ilianguka kwenye viti vya majumba ya sinema ya Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam, ambako watu walifuatilia filamu za Kihindi za saa tatu, kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, wakalia palipostahili kulia na kutoka wakiimba nyimbo zake katika lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Na iliyobaki ilimaliziwa kwenye banda umiza, kibanda cha video cha mtaani.

Mkalishe mtoto wa miaka kumi kwenye benchi la banda umiza, mbele ya televisheni moja na kanda yoyote ya ngumi kutoka Hong Kong. Kabla mtu hajatajwa jina, atakuonyesha steringi, yaani shujaa wa filamu. Hakuna aliyemfundisha; ameona kamera imemsogelea nani. Wapambe wa adui hufa kwenye shoti pana, watano kwa mpigo, wakiporomoka kutoka ghorofani bila sisi kuona hata sura. Steringi akikwaruzwa shavu tu, tunaletewa shavu. Tunasema steringi hafi, tukidhani tunazungumzia hadithi, kumbe kanuni imewekwa na kamera: anayesogelewa ndiye anayehesabiwa kuwa mtu, na wengine ni idadi.

Ukishaliona hilo kwenye filamu za ngumi, utaliona kila mahali. Hatari!, filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, maeneo ya Momella karibu na Mlima Meru, tena kwa jina la Kiswahili. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama kwa ajili ya mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani. Mandhari ni yetu, vumbi ni letu, na wenyeji wamo pia, lakini wengi wao wamo kama wasaidizi wa nyuma, kwa umbali uleule wanaopewa twiga. Sioni chuki kwenye filamu hiyo. Kuna vichekesho vingi na upigaji picha wa hali ya juu. Kuna tu uamuzi, uliorudiwa siku baada ya siku, kuhusu nani asogelewe.

Ousmane Sembène wa Senegal aliuelewa uamuzi huo vizuri. Alikuwa amefanya kazi ya kuli bandarini Marseille, ameandika riwaya, ndipo akaenda Moscow kusomea sinema akiwa na umri uliokwishakomaa. Katika Borom Sarret, filamu fupi ya mwaka 1963, mwendesha mkokoteni wa Dakar anaingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imekatazwa. Askari anamsimamisha. Mwendesha mkokoteni anapapasa mfukoni kutafuta karatasi zake, na medali yake inaanguka chini. Buti la askari linaikanyaga. Kamera iko chini, iliko medali, na ukiwa pale chini askari ni mrefu mno. Hatuhitaji hotuba kuhusu dola na mnyonge, maana tumewekwa kwenye urefu wa mnyonge na kuachwa tutazame juu. Miaka mitatu baadaye, katika La Noire de..., Sembène akausogelea uso wa Diouana, msichana wa kazi aliyepelekwa Antibes, aliyechezwa na Mbissine Thérèse Diop. Waajiri wake wanamwona akipita na sinia. Kamera inamwona akifikiri.

Pembe ya kamera, kama umbali wake, ni suala la adabu kabla ya kuwa suala la mtindo. Chukua mzee aliyekaa mkekani anahojiwa, na kijana wa kamera amesimama. Hakukusudia ubaya, stendi yake imefungwa kwenye urefu wa kifua kama kawaida. Matokeo yake ni utosi wa mzee, kofia yake, na macho yanayolazimika kutazama juu kumwomba mtu. Nyumbani kwake hakuna mjukuu ambaye angezungumza naye akiwa amesimama hivyo. Yasujirō Ozu wa Japani, katika Tokyo Story ya mwaka 1953 na filamu nyingine nyingi, alikuwa ameishusha kamera hadi karibu na macho ya mtu aliyekaa kwenye jamvi la nyumba ya Kijapani, akaiacha hapo imetulia. Watu wanaingia, wanakaa, wanamimina chai, nasi tumekaa nao. Somo hilo halihitaji mtaji wowote. Linahitaji kupiga goti.

Katika mambo yote ya kamera, hata hivyo, linaloniumiza kichwa zaidi ni tofauti kati ya kusogea na kuvuta.

Yuko mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara, asubuhi, daladala zinapita nyuma yake. Unataka uso wake ujaze fremu. Njia ya kwanza ni kumwendea mpaka mkono wako ungeweza kufika kwenye karai, ukiwa na lenzi pana. Utamsalimu, huna budi. Moshi utakuingia. Katika picha, mikono yake itakuwa mikubwa, mafuta yatachemka mbele kabisa, na barabara itajitenga kwa mbali huko nyuma, imekuwa ndogo, kwa sababu lenzi pana iliyokaribia kitu huurefusha mwanya kati ya kilicho karibu na kilicho mbali. Njia ya pili ni kubaki ng'ambo ya barabara na kumvuta kwa lenzi ndefu. Uso utajaza fremu vilevile. Lakini daladala itaonekana imemkalia mgongoni, matangazo ya duka la nyuma yatakuwa yamegandamana na kilemba chake, na yeye hatakuwa na habari kwamba amechukuliwa. Kipimo cha uso ni kilekile. Picha ni mbili tofauti, na mahusiano ni mawili tofauti.

Alfred Hitchcock alizichezesha njia hizo mbili kwa pamoja katika Vertigo, mwaka 1958. Shujaa wake anaogopa kimo; anapotazama chini kwenye ngazi za mnara, kamera inasogea huku lenzi ikivuta kinyume chake. Kingo za picha zinabaki palepale ila kina kinanyooka kama chini kunakimbia. Ngazi zenyewe zilikuwa kimfano kidogo kilicholazwa ubavu. Tumbo linalotuzunguka pale tunapotazama lina maana: mwili unajua kwamba kusogea si kuvuta, na vikipingana mwili unalalamika.

Kuna kazi njema za kuvuta. Anayepiga picha za simba hashauriwi kusogea. Mwandishi wa habari anayerekodi polisi wakipiga watu anahitaji ng'ambo ya barabara yake, na sisi tunaihitaji pia. Hata aibu ya mtu husaidiwa na umbali. Wako wasioweza kusema ukweli kamera ikiwa puani. Ila mvuto una tabia moja: unakupa matunda ya ukaribu bila gharama zake. Hukusalimu, hukuvumilia moshi, hukuonekana, na mtu hakupata nafasi ya kukugeuzia mgongo.

Gharama hizo siku hizi hazikwepwi popote hadharani zaidi kuliko kwenye misiba yetu. Siku ya kuaga mwili, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimejaa. Mjane anainuliwa, anashikwa mikono pande mbili, khanga imemshuka begani. Mbele yake anatembea kinyumenyume kijana wa video aliyelipwa na familia, taa ndogo inawaka juu ya kamera, akijitahidi asiupoteze uso ule. Si mtu mbaya. Amefundishwa kwamba machozi yanatakiwa klozapu, na ndugu walio ughaibuni wamesema wanataka kuona kila kitu. Nyuma yake zimeinuka simu, kila moja ikivuta kadiri inavyoweza. Shangazi anazivuta ncha za khanga kumfunika mjane, na hapo ndipo kijana anaposogea upande ili apate pembe nzuri zaidi.

Kinachofuata alikieleza Lev Kuleshov wa Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usio na hisia mahususi, akauunganisha mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Watazamaji wakaona njaa kwanza, kisha majonzi, na kumsifu mwigizaji kwa ufundi. Uso wa karibu haujisemei; unachukua maana ya picha iliyowekwa ubavuni mwake. Video ya mjane ikishaondoka pale turubaini, ikakatwa sekunde 15 na kurushwa kwenye makundi ya simu, ubavuni mwake kutawekwa lolote: kichekesho, uzushi kuhusu marehemu, mahubiri ya mtu asiyejulikana. Shoti pana ni ngumu kuitumia vibaya hivyo, kwa sababu imebeba turubai lake, watu wake na siku yake. Klozapu ni rahisi kuibwa kwa sababu imeshang'olewa.

Kuna watakaoona namuonea kijana wa video, kwamba sanaa haina budi kukaribia, na kwamba filamu kuu kuliko zote za uso wa binadamu, The Passion of Joan of Arc ya Carl Dreyer ya mwaka 1928, imejaa mateso yaliyopigwa kwa karibu kuliko msiba wowote. Ni kweli. Dreyer alijengewa ngome nzima kwa gharama kubwa, na karibu hatuioni, kwani aliijaza filamu nyuso zisizo na vipodozi, kuanzia ule wa Renée Falconetti. Lakini Falconetti alikuwa mwigizaji. Alijua kamera iko wapi na inataka nini, alikubali, na alichokitoa alikitoa kama kazi yake. Mjane hakuingia kazini siku ile. Anayetaka uso wake wa karibu angekwenda kumwomba siku nyingine, angekaa naye, angeishusha kamera, na pengine angepata kitu kikubwa zaidi ya machozi.

Maofisa wa sinema ya kikoloni waliwaamulia babu zetu umbali ambao macho yao yangeweza kuustahimili, na tuna haki ya kuwalaumu kwa hilo. Kwa umbali tunaouchagua leo hakuna Meja wa kumsingizia. Kamera ziko mifukoni mwetu, kila moja ina uwezo wa kuvuta ambao Notcutt hakuuota, na vyuo vyetu vya filamu vinaendelea kufundisha shoti kama vipimo vya kukata mwili. Ningeongeza somo moja kabla ya kamera kuwashwa. Mwanafunzi aitazame picha anayoitaka na ajiulize ingemlazimu asimame wapi kama hangekuwa na uwezo wa kuvuta. Kisha ajiulize kama mtu yule angemvumilia kusimama hapo. Akipata jibu la ndiyo, basi asogee kwa miguu yake, asalimu, apige. Akipata la hapana, picha hiyo ibaki pana.